Wakuu, wateja wanaingia kwenye tovuti yetu ya fanicha halafu wanatoka. Tatizo liko wapi?

Fundi Randa

Wakuu, habari za jioni.

Tuna karakana ya fanicha Keko. Aliianzisha mzee wangu, sasa naiendesha na mdogo wangu. Tunatengeneza vitanda, makabati na meza za chakula, kwa mninga na mkongo, na mtiki kwa oda. Mwezi wa tatu tulimlipa kijana mmoja atutengenezee tovuti. Kwenye kompyuta yake ilipendeza sana. Ukifungua tu, picha sita kubwa zinapishana, video ya karakana inajicheza yenyewe na muziki, halafu kinatokea kisanduku cha kuomba barua pepe. Anayetaka kuwasiliana nasi anajaza fomu: jina, barua pepe, simu, anuani, kampuni, ujumbe.

Wageni wengi wanatokea Instagram. Kwenye takwimu naona wanaingia, lakini hawavuki ukurasa wa kwanza. Fomu imejazwa mara nne tu tangu tuanze. Simu ndizo zinapigwa, na kila mtu anauliza yale yale: kitanda sita kwa sita bei gani, mnaleta mpaka Mbezi? Bei hatukuweka, tuliogopa majirani wa Keko wataziona na kushusha za kwao.

Nilikuwa nataka kumlipa mtu mwingine aifumue yote. Kabla sijatoa hela tena, naombeni ushauri.

Kijana wa Tandika

Mkuu, weka bei. Nikikuta "bei njoo inbox" napita, hata kama kitanda nimekipenda. Najihisi kama bei itapangwa kwa kuniangalia usoni. Majirani zako bei zako wanazijua zamani, wanatuma mtu anajifanya mteja. Asiyejua ni mteja peke yake.

Mjenzi wa Kurasa

Kiongozi, usifumue. Nimefungua kiungo ulichonitumia pembeni, kwa simu ya kawaida na bando la kawaida. Nilisubiri, nikasubiri, halafu muziki ukaanza kabla sijaona kitanda chochote.

Zile picha sita ni kama MB 5 kila moja. Zimewekwa vile vile zilivyotoka kwenye kamera, upana wa pikseli 4,000, wakati kioo cha simu hakihitaji hata nusu ya hapo. Mteja anakatwa MB 30 za bando kabla hajasoma neno. Zipunguze mpaka upana wa pikseli 1,200, zihifadhi kwa WebP, mfumo wa picha nyepesi za tovuti, na nyingi zitashuka chini ya KB 200 bila jicho kuona tofauti. Acha picha moja juu, ile ya kitanda kinachouzika kuliko vyote. Video itoe pale, iwe na ukurasa wake, na anayeitaka aibonyeze mwenyewe.

Ukimaliza, ipime kasi kwa PageSpeed Insights, ukurasa wa Google wa kupima tovuti. Ni bure. Usidanganyike na alama za kompyuta, angalia upande wa simu. Google wanataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Maandishi nayo umeyaweka rangi ya dhahabu juu ya picha ya mbao. Juani pale Kariakoo hakuna atakayeyasoma. Weka nyeusi juu ya nyeupe, ukubwa usipungue pikseli 16. Kwenye iPhone, sehemu ya kujaza yenye herufi ndogo kuliko hapo inafanya ukurasa ujikuze wenyewe mtu akiigusa, na wengi wanaishia hapo. Vitufe viwe na pikseli 48 kwenda juu, kidole kivipate bila kugusa cha jirani.

Fomu itoe kabisa. Chini ya kila bidhaa weka kitufe cha WhatsApp kinachofungua ujumbe ulioandikwa tayari: "Nimeona kitanda namba K12, naomba maelezo." Wewe unajua anachotaka kabla hujamjibu, na yeye hajaandika kitu.

Mama Ilham

Mwanangu, mimi niko Muscat, mama yangu yuko Tanga. Mwaka jana nilitaka kumnunulia kabati, nikazunguka tovuti kama tano. Nikuambie kilichonishinda.

Namba za simu zimeandikwa kwa kuanzia sifuri, kana kwamba wateja wote wako Dar. Andika +255. Vipimo hakuna, nitajuaje kama kabati litapita mlangoni kwa mama? Andika kwa futi na kwa sentimita. Usafiri wa mikoani hautajwi popote. Na nilipofika kwenye kulipa, Lipa Namba ikaleta jina la mtu nisiyemjua, si la duka. Nikaacha. Jina litakalotokea liandike kabisa hapo kwenye tovuti, mtu alione kabla hajatuma pesa zake.

Na upige picha za viungo, droo ikiwa wazi, na mgongo wa kabati. Sisi tulio mbali tunanunua kwa macho.

Mwalimu Kibao

Naongeza moja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha makosa mengi ya tovuti. Wape simu, waambie "tafuta bei ya kabati la milango mitatu," kisha nyamaza. Usiwaelekeze. Kidole kikisita, andika kilisita wapi.

Fundi Randa

Asanteni sana wakuu. Mama Ilham, shikamoo, maneno yako nimemsomea mdogo wangu neno kwa neno.

Mwalimu, leo nimejaribu na watu watatu. Shangazi alibonyeza picha ya kabati mara nne akidhani itafunguka, kumbe haifunguki, kiungo kimewekwa kwenye maneno madogo chini yake. Muuza chai wetu hakujua kwamba vile vistari vitatu pembeni ndiyo menyu, hakuvigusa kabisa. Dereva wa kirikuu alifunga ukurasa muziki ulipoanza. Nilitaka sana kuwasaidia, nikajizuia.

Swali la mwisho: vitu vya oda nitawekaje bei, wakati kila mteja ana kipimo chake?

Mjenzi wa Kurasa

Andika "kuanzia", na useme ni ya nini: kitanda 5 kwa 6, mkongo, bila godoro, kuanzia kiasi fulani. Kisha taja kinachopandisha: mninga, droo za chini, ukubwa. Na siku ngapi kinakamilika. Vile vistari vitatu viondoe, andika wazi juu kabisa: Vitanda, Makabati, Meza, Bei za Usafiri.

Fundi Randa

Nimeelewa mkuu. Picha zote zitabonyezeka. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunatoa makabati nje na kuyapiga picha upya, na futi kamba imening'inia pembeni. Tunaanza na mgongo.