Mrejesho: kolamu niliyoijaza mwenyewe na vilele vyake vipana

Wakuu, narudi na majibu kuhusu ile kolamu ya kromatografia ya kimiminika (bomba la kutenganisha kemikali za sampuli), ya C18 (silika iliyovikwa minyororo ya kaboni 18) ya chembe za mikromita 5. Niliijaza mwenyewe ikawa inatoa vilele (alama za kila kemikali kwenye grafu) vipana vyenye mikia, nikaomba ushauri hapa. Asanteni sana mliochangia.

Ushauri uliozaa matunda upesi ni wa mirija inayounganisha kolamu na mashine. Nilitoa ya kipenyo cha ndani cha milimita 0.5, nikaweka mifupi ya 0.13, vilele vya mwanzo vikabana palepale. Vya mwishoni havikubadilika sana, kama mlivyotabiri. Sampuli nayo sasa naiyeyusha kwenye kiyeyusho kilekile kinachopita kwenye kolamu, si asetonitrili tupu (kiyeyusho chenye nguvu zaidi).

Kuijaza upya kwa shinikizo kubwa zaidi kumeongeza sahani za kinadharia (kipimo cha ubora wa kolamu katika kutenganisha) karibu maradufu. Hii kazi inachosha, ila inalipa. Kupunguza mtiririko kulisaidia kidogo mno, nimeurudisha ulivyokuwa.

Kilichogoma ni kilele cha ile amini (kemikali ya besi yenye nitrojeni) iliyo kwenye sampuli. Kushusha pH ya kiyeyusho hadi 3 kumepunguza mkia wake, haujaisha. Nashuku silanoli (vikundi vyenye asidi juu ya silika, vinavyonasa amini) zilizobaki kwenye silika, kwa hiyo nitajaribu silika ambayo silanoli zake zimezibwa.