Kampuni inataka imeili ya kazi kwenye simu YANGU, halafu inajipa ruhusa ya kuifuta simu nzima!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina utani.

Ofisini kwetu, uwakala wa forodha hapa Dar (jina nalihifadhi, bado nakula hapo), limetoka tangazo kwamba kila mfanyakazi aunganishe simu yake na seva ya imeili ya kampuni kabla mwezi haujaisha. Simu yake, siyo ya kampuni. Simu niliyoinunua Kariakoo kwa hela yangu, bando naweka mwenyewe, na kioo kikipasuka nakwenda kwa fundi mwenyewe.

Imeili yenyewe sina ugomvi nayo. Mzigo ukikwama bandarini na mteja anataka nyaraka sasa hivi, kuwa na imeili mkononi kunaokoa siku. Ugomvi wangu ni ile skrini inayokuja ukishaweka anwani na nywila. Wengi wanabonyeza kukubali bila kusoma, kama wanavyofanya kwa vigezo na masharti ya kila kitu. Isomeni! Kwenye Android inakueleza kwamba msimamizi wa seva ataweza kufuta data yote, kuweka masharti ya nywila ya kufungulia simu, kufunga skrini, hata kuzima kamera. Data yote ya simu, ndugu zangu, siyo imeili za ofisi peke yake.

Kuna dada wa kitengo cha nyaraka, mkataba wake uliisha Ijumaa. Kijana wa TEHAMA akafuata "utaratibu wa kuondoka": akaingia kwenye seva, akachagua kifaa cha yule dada, akatuma amri ya kufuta. Simu ilipowasiliana na seva ikajizima, ikawaka upya ikiuliza lugha kama imetoka dukani. Picha za marehemu baba yake zimekwenda. Oda za wateja wake wa vitenge, zilizokuwa kwenye WhatsApp bila nakala rudufu, zimekwenda. Hela zake za mtandao zilibaki salama kwa sababu haziko ndani ya kifaa. Alipokwenda kulalamika akajibiwa, "Si ulikubali mwenyewe?" Hakuna aliyempa hata pole.

Na usidhani mpaka uache kazi. Exchange, programu ya Microsoft inayoendesha seva yetu ya imeili, inamruhusu msimamizi wa seva kuweka idadi ya mara unazoweza kukosea nywila ya kufungulia simu kabla haijajifuta yenyewe: kuanzia 4 hadi 16, au asiweke kikomo kabisa. Sisi tumewekewa 4! Nina mtoto wa miaka mitatu nyumbani anayeamini simu yangu ni yake. Kwa hiyo vidole vya mtoto vinatosha kufuta maisha yangu, na bosi anaita hiyo "usalama wa taarifa".

Nisitie chumvi, maana nimeona wengine wanatisha watu bure. Huu muunganisho wa kawaida wa ActiveSync (njia ambayo simu na seva ya Exchange zinaongea) hausomi WhatsApp yako wala hauangalii picha zako. Seva inajua aina ya simu, mfumo wake na lini imewasiliana mara ya mwisho. Haikupelelezi, ila imeshika kiberiti.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba haya yote yana dawa, na ya siku nyingi. Toleo la 16.1 la ActiveSync, la mwaka 2016, lilileta amri ya kufuta akaunti ya kazi tu na kuacha vingine vyote. Outlook, programu ya imeili ya Microsoft, ikipokea amri ya kufuta, inaondoa vilivyo ndani yake yenyewe, haigusi picha za mtu. Android ina wasifu wa kazi tangu toleo la 5, mwaka 2014: upande wa ofisi mbali, upande wako mbali. Google wenyewe tangu Android 9 ya mwaka 2018 wanaziambia ofisi ziachane na ile njia ya zamani ya "msimamizi wa kifaa", yaani ile skrini ya ruhusa juu ya simu nzima. Nikauliza kikaoni kwa nini hatutumii wasifu wa kazi. Jibu: leseni za mfumo wa kusimamia simu ni gharama. Sawa. Na kufuta akaunti peke yake, ambako ni kuchagua amri nyingine kwenye ukurasa uleule, nako ni gharama? Kimya. Mkubwa mmoja akaanza kuangalia saa.

Maana yake kampuni imekwepa kununua simu, imekwepa kununua leseni, na hatari yote imemtupia mfanyakazi anayelipwa mshahara wa kuhesabu.

Halafu kuna hili la saa nne usiku. Tangu imeili ziingie simuni, bosi wetu anaandika akiwa kitandani na asubuhi anauliza kwa nini hukujibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na zaidi ya hapo ni malipo ya ziada. Hiyo kesi nitaifungulia uzi wake.

Kwa upande wa sheria, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayopokea malalamiko. Mimi siyo mwanasheria. Wanasheria mliomo humu, mwajiri anayefuta picha za familia ya mtu ili kuondoa imeili za ofisi anasimama wapi? Na kubonyeza "kubali" kwa kulazimishwa na barua ya ofisi, hiyo nayo ni ridhaa?

NYONGEZA: Mdau aliyesema nitumie IMAP (njia nyingine ya kuvuta imeili, isiyo na amri ya kufuta simu) ili nikwepe masharti, asante, lakini kwenye seva yetu imefungwa. Kilichobaki ni kufungua imeili kwa kivinjari, kurasa nzito kidogo ila simu inabaki yako. Na wewe unayejiandaa kuacha kazi: weka nakala ya picha na WhatsApp, toa akaunti ya ofisi simuni KABLA hujapeleka barua. Amri ya kufuta inafika pale simu inapowasiliana na seva. Akaunti ikishaondoka, hawana pa kupitia.

NYONGEZA 2: Aliyeniita mkorofi asiyetaka maendeleo, mkuu, mwambie mwajiri wako anunue simu aifute kila Ijumaa akipenda. Sitalalamika.

Jumatatu nina kikao na mtu wa rasilimali watu. Naomba mwenye sera iliyoandikwa vizuri ya simu binafsi kazini anitumie, hasa kipengele kinachosema ni nini kitafutwa, nani anaidhinisha, na mfanyakazi anapewa taarifa muda gani kabla. Nataka kuweka karatasi mezani. Akaunti yao nimeshaitoa kwenye simu yangu, na anayenihitaji baada ya kazi apige.