New York, Chicago, New Orleans au Los Angeles: mji upi unafaa kwa siku tisa na mama mzazi?

Mwana wa Voi

Ndugu zangu, salamu. Mwezi wa Mei mdogo wangu anahitimu chuo kikuu huko Indiana, nami nimepewa jukumu la kumsindikiza mama. Baada ya mahafali tutabaki na siku tisa kabla ya ndege ya kurudi Nairobi, na hapo ndipo ugomvi wa ukoo ulipoanzia. Mmoja anasema kwamba asiyefika New York hajafika Marekani, mwingine ananitumia picha za Los Angeles kila asubuhi, na mimi mwenyewe nina hamu ya siku nyingi na New Orleans. Indiana imepakana na Illinois, kwa hiyo Chicago tutapita tupende tusipende.

Naomba mnilinganishie miji hii kwa mambo matatu: chakula, vitu vya kutazama, na urahisi wa kwenda huku na huko bila gari, maana sijawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara na sina nia ya kujifunzia ugenini. Mama ana miaka 67, magoti yake hayapatani na ngazi, anakula halali tu, na akizungushwa ndani ya makumbusho zaidi ya saa mbili huanza kuuliza chai iko wapi. Mifuko yetu ni ya watu wa kawaida.

Jirani wa Bronx

Nimekaa New York miaka kumi na moja, kwa hiyo mnivumilie nikiegemea kwetu. Kwa chakula halali, hakuna mji katika orodha yako unaoufikia huu. Katikati ya Manhattan kila baada ya hatua chache utakuta mkokoteni wenye maandishi ya halali, na muuzaji, ambaye mara nyingi ni Mmisri au Mbangladeshi, anakatakata kuku juu ya bati la moto, anampakulia juu ya wali wa njano, anamwaga mchuzi mweupe kisha anakuuliza kama unataka na ule mwekundu. Sema "kidogo tu", kwa sababu ule mwekundu ni pilipili ya kweli. Sahani moja mtakula wawili. Mkitaka kukaa mezani, nendeni Jackson Heights huko Queens, ambako mtaa mmoja unauza biriani, wa pili momo za Watibeti, na wa tatu mikate ya Wakolombia.

Kwa vya kutazama, pale kwenye makumbusho ya Metropolitan sehemu ya sanaa za Afrika ilifunguliwa upya mwaka 2025 baada ya matengenezo makubwa. Kusini ya Manhattan kuna African Burial Ground, makaburi ya Waafrika walioishi hapo wakiwa watumwa na wengine wakiwa huru, yaliyofukuliwa mwaka 1991 wakati serikali ilipokuwa ikijenga ofisi. Kuingia ni bure. Kutoka hapo si mbali hadi kivuko cha Staten Island, ambacho nacho hakilipiwi, kama Likoni kwa waenda kwa miguu, isipokuwa hiki kinapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Mama ataketi dirishani na kuiona bila kupanda ngazi hata moja ya sanamu yenyewe.

Sasa niseme ukweli usionisaidia. Treni za chini ya ardhi zina vituo 472 na zinafanya kazi saa 24, lakini zaidi ya nusu ya vituo havina lifti, na hata penye lifti kuna siku utakuta imebandikwa karatasi ya kusema ni mbovu. Kwa mtu wa magoti, hilo si jambo dogo. Panda mabasi: ni ya polepole, lakini sakafu yake hushushwa hadi usawa wa njia ya miguu. Na malazi ni ghali. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilimtoza mgeni wangu "ada ya huduma" ya kila usiku ambayo haikuwamo katika bei aliyoiona alipoweka nafasi.

Fundi Reli

Kaka wa Bronx amejieleza vizuri, na aya yake ya mwisho imebomoa kesi yake. Mimi nasema kipimo si mji upi una vitu vingi. Kipimo ni kile ambacho mama wa miaka 67 anaweza kukipata kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni bila kuchoka. Kwa kipimo hicho Chicago inaishinda New York, tena bila nauli ya ndege, maana mkiwa upande wa South Bend, huko huko Indiana, kuna treni ya South Shore Line inayowafikisha hadi katikati ya mji.

Jambo la kwanza mfanye ni mashua ya mtoni. Mnaketi kwa dakika tisini, mwongozaji anawasimulia majengo yanavyowapita kushoto na kulia: jinsi moto wa mwaka 1871 ulivyoteketeza sehemu kubwa ya mji, jinsi mwaka 1885 lilivyosimama jengo la ghorofa kumi la Home Insurance, ambalo wengi hulihesabu kuwa ghorofa refu la kwanza la fremu ya chuma, na jinsi mwaka 1900 wahandisi walivyougeuza mto wenyewe urudi kinyume ili uchafu usiingie katika Ziwa Michigan, ambalo ndilo linalowanywesha. Mto kurudishwa ulikotoka! Mimi ni mtu wa mitambo na mpaka leo jambo hilo hunipa heshima. Mchukulie mama shali nzito, kwa sababu upepo wa ziwani mwezi wa Mei hauna huruma na mtu wa pwani.

Jambo la pili linakuhusu wewe hasa, kwa jina ulilojipa hapa. Wale simba wawili wa Tsavo, jirani na Voi kwenu, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wapo Chicago, katika Field Museum. Patterson, mhandisi wa daraja aliyewapiga risasi, alitandika ngozi zao sakafuni kama mazulia kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaiuzia makumbusho kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa, ikabidi kukatwa hapa na kushonwa pale, ndiyo maana simba wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa hai. Hawana manyoya shingoni, ingawa ni madume. Patterson alidai kwamba walikula watu 135, ilhali watafiti waliochunguza mifupa na manyoya yao miaka ya karibuni walikadiria kama 35.

Kwa chakula halali, shukeni kituo cha Loyola kwenye njia ya treni ya Red Line mkapande basi namba 155 hadi Devon Avenue. Ni barabara ndefu ya Wahindi na Wapakistani, na chai ya maziwa yenye iliki ipo. Pitsa nene ya Chicago, iliyoanza mwaka 1943, huchukua kama dakika arobaini na tano kuiva na kipande kimoja kinatosha mtu mzima. Agizeni ya jibini na mchicha.

Mpishi wa Kilindini

Nyote mmezungumza chakula kinachopatikana mjini. Mimi naomba tuzungumze chakula cha mji wenyewe, na hapo New Orleans haina mpinzani katika Marekani yote. Mji huo uliasisiwa na Wafaransa mwaka 1718, ukashikwa na Wahispania, na haukuwa wa Marekani mpaka mwaka 1803. Katika jikoni zake waliosimama mbele ya moto walikuwa wanawake wa Kiafrika. Chungu chake kikuu kinaitwa gumbo, neno ambalo wengi hulihusisha na lugha za Kibantu za upande wa Angola, na maana yake ni bamia tu, hii hii tunayoijua sisi. Mchuzi huanza na unga uliokaangwa kwenye mafuta polepole mpaka ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea, na mpishi haondoki hapo, kwa sababu ukiungua kidogo tu unamwagwa wote.

Kuna pia beignet. Duka maarufu, Café du Monde, lipo tangu mwaka 1862, halina mapambo, na linauza kitu hicho kimoja pamoja na kahawa ya maziwa iliyochanganywa na mzizi wa chikori. Nilipokivunja cha kwanza nilicheka peke yangu: ni hamri! Lina pembe nne badala ya tatu, ndani limefura na kubaki tupu kama linavyotakiwa, hukaangwa kwa mafuta ya mbegu za pamba, kwa hiyo hapo mama hana wasiwasi. Kilichokosekana ni iliki na tui. Badala yake wanalifukia kwa sukari ya unga, na mtu akicheka wakati analiuma, nguo zake nyeusi zimekwisha. Nilitamani mbaazi.

Siku ya Jumatatu mji mzima hula maharagwe mekundu kwa wali, desturi iliyotokana na siku ya kufua, chungu kikiachwa kichemke chenyewe. Mama atajiona yupo nyumbani.

Mkaazi wa Houston

Dada Mpishi, hapo pa mwisho nakurekebisha kwa heshima. Maharagwe hayo hupikwa na soseji au mfupa wa nguruwe karibu kila mahali, na gumbo vilevile, hata ile inayoitwa ya kamba na kaa, mara nyingi ina soseji ya nguruwe ndani yake. Kuondoa vipande hakusaidii kitu, kwa sababu mchuzi umeshapikwa nayo. Mwana wa Voi aulize kabla ya kuagiza, na aulize kwa kutaja nguruwe kwa jina, maana ukiuliza tu kama chakula kina nyama unaweza kujibiwa hapana huku soseji ikielea. Samaki wa kukaanga, kamba na chaza ndio watakaowaokoa, ila muulize pia mafuta.

Kwa mengine yote naunga mkono New Orleans. Mei ni joto la unyevunyevu kama Mombasa ya mwezi wa Machi, na msimu wa vimbunga huanza rasmi tarehe 1 Juni, kwa hiyo mtakuwa mmetangulia. Tramu za kijani za St. Charles, njia iliyoanza mwaka 1835, ni nzuri kwa macho lakini zina ngazi ndefu za kupandia. Zile nyekundu za Canal Street zinapandika kwa urahisi zaidi. Jioni nendeni Preservation Hall: jazi ya zamani, chini ya saa moja, na mama hatalazimika kukaa baa. Karibu yake kuna Congo Square, ambako kwa amri ya mji ya mwaka 1817 watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili, wakapiga ngoma zao na kuuziana vitu.

Los Angeles niiseme kwa ufupi: kwa msiokuwa na gari, futeni. Taco zake, zile chapati za Kimeksiko zilizojazwa vitu, ni tamu, Griffith Observatory, kituo cha kutazamia nyota, haina kiingilio, Little Ethiopia ina injera nzuri, lakini kati ya kimoja na kingine mtakaa njiani hadi mama aulize chai mara tatu.

Binti Upanga

Mbona hakuna aliyeitaja Washington? Makumbusho ya Smithsonian yote ni bure, na lile la historia ya Wamarekani weusi, lililofunguliwa mwaka 2016, msanifu wake mkuu, David Adjaye, alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam. Vituo vyote vya metro vina lifti. Migahawa ya Kihabeshi imejaa.

Fundi Reli

Dada, kwa magoti na mfuko umeshinda. Lakini kutoka Indiana ni safari nyingine ya upande wa mashariki, na siku tisa ukizigawa kwa miji mitatu unabaki na viwanja vya ndege tu. Kama ingekuwa New York na Washington pamoja, hapo sawa, maana treni kati yake ni kama saa tatu na nusu.

Mwana wa Voi

Nimewasoma wote, ahsanteni. Swali: kutoka Chicago hadi New Orleans, ndege au treni? Nimeona kuna treni ya usiku inayochukua saa kumi na tisa njiani.

Fundi Reli

Ndiyo hiyo, City of New Orleans, kama kilomita 1,500. Inaondoka Chicago jioni, alfajiri iko Memphis, inashuka Mississippi mchana, na kabla ya kufika inapita kando kabisa ya Ziwa Pontchartrain. Mabehewa ni ya ghorofa, kwa hiyo wakati wa kukata tiketi omba viti vya chini, vipo kwa ajili ya watu kama mama. Viti hulala vizuri. Bebeni chakula chenu, kwa sababu cha ndani ni cha kupashwa moto na hamtajua kimepikwa na nini. Reli nyingi ni mali ya kampuni za mizigo, na treni ya abiria husimama kuipisha ya mizigo, kwa hiyo msipange miadi ya jioni hiyo. Msifananishe na treni yetu ya Mombasa, ambayo huenda kwa saa yake.

Mwana wa Voi

Basi nimeamua: Chicago siku nne, usiku mmoja wa treni, New Orleans siku nne. Jirani wa Bronx, utusamehe, safari ijayo tutapitia JFK, uwanja wa ndege wa kwenu.

Nimemsomea mama mjadala huu wote jana usiku. Mto uliogeuzwa haukumshangaza, wala hamri lisilo na iliki, alisema tu kwamba atachukua iliki yake. Lakini babu yake alikuwa mtoto Tsavo wakati ule, na hadithi ya simba hao amekua nayo, kwa hiyo alinyamaza kidogo nilipofika kwenye ile habari ya mazulia. Kisha akauliza kiingilio ni kiasi gani, nami nikamtajia.

"Simba waliokula watu wetu," akasema, "mzungu akawakanyaga miaka 25, akawauza, na leo nikitaka kuwaona nilipe mimi?" Ameniambia nikate tiketi mbili.