Tupeane uzoefu: Lori zito limekwama kwenye theluji au barafu, ulilinasuaje?

Gia ya Pili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za safari. Msimu wa theluji ndio huo umeingia kwa sisi tunaoendesha kaskazini, na asubuhi kwenye maegesho hukosi kumkuta mwenzetu anasaga matairi hadi yananuka, gari liko palepale. Naomba tukusanye visa vyetu hapa. Mambo ya gari dogo yana mahali pake. Hapa nazungumzia kichwa na trela, tani 40 na kuendelea, au trela tupu, ambayo kwa maoni yangu ni mbaya zaidi kuliko iliyobeba mzigo.

Naanza mimi. Kukwama kwingi ninakokuona hakuanzii barabarani, kunaanzia pale dereva alipolala. Umetoka kwenye mwendo mrefu, matairi yana joto. Ukisimama juu ya theluji iliyoshindiliwa, joto hilo linaiyeyusha chini ya tairi, usiku maji yanaganda, na kukicha kila tairi limekaa kwenye kisahani cha barafu. Kina chake hakifiki hata upana wa vidole viwili, lakini trela ikiwa tupu ekseli zinazosukuma hazina uzito wa kuzishikilia chini, basi hutoki.

Ninachofanya mimi ni kufika, kusimama kidogo matairi yapoe, halafu kusogea nusu mzunguko wa tairi kabla ya kufunga kabisa. Nikipata sehemu yenye kokoto nachukua hiyo hata kama iko mbali na choo. Asubuhi nafunga difu loki (inayolazimisha magurudumu yanayosukuma yazunguke pamoja) gari likiwa limesimama, naweka gia ya pili au ya tatu badala ya ile ya chini kabisa, na naachia klachi taratibu injini ikizunguka karibu na mwendo wake wa chini kabisa. Gia ya chini ina nguvu nyingi mno, inazungusha tairi kabla gari halijaamua kuondoka. Tairi likianza kuteleza naachia palepale. Kila mzunguko wa bure unang'arisha barafu na kukuchimbia shimo.

Karibuni.

Tandemu Tupu

Mkuu umegusa difu loki, ngoja niongeze jambo ambalo wengi hawafundishwi. Kichwa chenye ekseli mbili zinazosukuma kwa kawaida kina loki za aina mbili. Ya kwanza inaunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma yake. Ya pili inafunga gurudumu la kushoto na la kulia kwenye ekseli moja. Watu wanazibonyeza zote kwa pamoja kama swichi ya taa (samahani kwa mfano, lakini ndivyo ilivyo).

Kuna siku nilikuwa nyuma ya foleni kwenye barabara iliyoinama upande mmoja, ile inayomwaga maji kwenye mtaro. Lori la mbele lilisimama, likashindwa kuondoka. Gurudumu moja lilikuwa linazunguka, la pili limetulia. Dereva akafunga loki ya pili na kukanyaga. Kichwa hakikwenda mbele hata kidogo, kilitambaa kiubavu, polepole, hadi magurudumu ya kulia yakaingia mtaroni, na trela ikakifuata.

Sababu yake ni hii: gurudumu lililotulia ndilo lililokuwa linaishikilia ekseli isiteleze kwenda bondeni. Ukifunga loki, yote mawili yanateleza, na tairi linaloteleza halina mshiko wa upande wowote. Barabara ikiwa tambarare, loki ni rafiki. Ikiwa imeinama, shuka kwanza, mwaga mchanga mbele ya magurudumu yanayosukuma, jaribu na loki ya kati peke yake. Na usitegemee usukani sana ukiwa umefunga zote, gari linataka kwenda moja kwa moja. Ukishatoka, fungua.

Pia loki haifungwi magurudumu yakiwa yanazunguka. Utasikia mlio mmoja tu, halafu unatafuta fundi.

Fundi Upepo

Naunga mkono hapo mwisho. Mimi niko upande wa gereji, sio usukani, na difu nyingi zinazoletwa msimu huu zimekufa kwa kusaga tairi. Gurudumu moja likisimama na jingine kuzunguka bure, lile linalozunguka linakwenda mara mbili ya mwendo unaouona kwenye saa. Difu ya kati inayogawa nguvu baina ya ekseli mbili ndiyo inayoumia haraka zaidi, kwa sababu vile vigia vidogo vya ndani havikutengenezwa kuzunguka kwa kasi hiyo, na oili inarushwa pembeni vikabaki vikavu. Hauhitaji dakika nyingi.

Jambo jingine, na hili ndilo lililonileta. Madereva wanapiga simu wamekwama kwenye barafu, kumbe hawajakwama kwenye barafu, breki za trela zimeganda. Umepita kwenye theluji yenye maji, ngoma za breki zimelowa, ukafika ukavuta breki ya maegesho mara moja. Usiku viatu vya breki vinagandia ngoma. Asubuhi unaachia breki, geji ya upepo inaonyesha kila kitu sawa, ila magurudumu hayazunguki.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua beleshi, sogeza kidogo ukiangalia kioo. Kama kichwa kinavuta na magurudumu ya trela yanaburuzwa bila kuzunguka, tatizo lako liko kule nyuma. Weka kabari kwenye magurudumu ya kichwa, kisha ingia chini na nyundo, gonga ngoma kwa nje kuzunguka, mara nyingi inaachia na unaisikia. Bila kabari usiingie chini hata kama gari "haliwezi kuondoka". Likiachia, litaondoka.

Kinga yake ni kugusa breki polepole kilomita ya mwisho kabla ya kusimama ili zipate joto na kukauka, na kumwaga maji ya matangi ya upepo kila siku. Maji yakiganda kwenye valvu, hakuna nyundo itakayokusaidia.

Dereva Mpya

Shikamooni wakubwa. Swali. Gari ninaloendesha ni la kisasa, gia zinaingia zenyewe, na kuna mfumo unaozuia tairi kuteleza. Nikikwama nakanyaga mafuta lakini injini inakataa kupanda, taa inamemeta tu. Nimeambiwa niuzime mfumo, wengine wananiambia nisithubutu. Nishike lipi?

Gia ya Pili

Marahaba kijana. Ukiwa barabarani usiuguse. Ukiwa umekwama ni habari nyingine. Mfumo ule unabana breki ya gurudumu linaloteleza na kupunguza nguvu ya injini, na kwenye theluji nzito wakati mwingine unapunguza hadi gari linakosa nguvu ya kupanda hata kamwinuko kadogo. Magari mengi yana kitufe cha kuruhusu tairi kuteleza kiasi, angalia kitabu cha gari lako. Kibonyeze, toka, halafu kirudishe.

Na kwa gia zako za kujiendesha, mengine yana hali maalumu ya kubembea: ukiachia mafuta klachi inafunguka hapohapo, gari linarudi lenyewe kwenye shimo lake, unakanyaga tena likiwa linakuja mbele. Kubembea ndiyo njia ya zamani kuliko zote na bado inafanya kazi. Siri yake ni kukanyaga gari likiwa tayari linaelekea unakotaka. Ukikanyaga mapema unabomoa ulichojenga.

Msafiri wa Usiku

Mimi kichwa changu kina ekseli moja tu inayosukuma na nyingine ya kunyanyua. Wenye tandemu (ekseli mbili zinazosukuma) wananicheka, lakini nina kitu wao hawana. Nikikwama nanyanyua ile ekseli ya pili na uzito wote uliokuwa juu yake unahamia kwenye ile inayosukuma. Nimewahi kutoka kwenye mlima ambao wenye ekseli mbili walikuwa wanangoja kuvutwa, maana nilikuwa na mzigo na wao walikuwa watupu. Ukishika mwendo mfumo unaishusha wenyewe.

Nataka pia kusema kuhusu hali ya hewa, kwa sababu wageni wanaogopa baridi kali. Baridi kali sio adui mkubwa. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu, tairi linaishika vizuri kuliko unavyodhani. Barafu ya hatari ni ya karibu na sifuri, ile yenye utando wa maji juu. Nikiona kipimajoto kinacheza kati ya 0 na -3, hapo ndipo nachagua kwa uangalifu mahali pa kusimama, na sisimami kabisa kwenye mwinuko kama ninaweza kukwepa.

Mnyororo Mzito

Nimesoma yote na nimeshangaa mnyororo haujatajwa. Ndugu zangu, mchanga na loki ni vya kubahatisha. Mnyororo ndio jibu.

Nilikuwa nasafiri kwenye njia ya milimani, theluji imeanza kuanguka saa za jioni. Sehemu ya kufungia minyororo ipo chini ya mlima, pana, ina taa. Nikasimama, nikafunga. Wengine walinipita. Huko juu nikawakuta mmoja mmoja, wamesimama kwenye kona, wanajaribu kufunga minyororo gizani, wamelala kwenye maji ya barafu huku magari yanapita karibu na miguu yao. Kufunga mapema ni kazi ya kuchosha. Kufunga ukiwa umekwama ni mateso, kwa sababu tairi limezama na huwezi kuupitisha mnyororo chini yake.

Lakini ikishatokea, fanya hivi. Chimba mbele na nyuma ya tairi mpaka uone ardhi au barafu tupu. Tandaza mnyororo ukiwa umenyooka mbele ya tairi linalosukuma, ingiza ncha yake chini kadiri beleshi inavyoruhusu, mwambie kila mtu akae pembeni kabisa, sio nyuma, kisha panda juu yake polepole. Tairi likishakaa katikati, simama, funga ncha, kaza. Ukipanda kwa fujo tairi linaurusha mnyororo kwa nyuma, na kilo zile zikimkuta mtu ni msiba. Ukishaenda umbali mfupi simama ukaze tena, kwa sababu lazima ulegee. Halafu usizidishe kilomita 50 kwa saa.

Kwenye tairi pacha unaweza kufunga la nje tu ukatoka, ila kama sheria ya mahali ulipo inataka zaidi, fuata sheria. Colorado kule Marekani kwa mfano, kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Dotsero na Morrison, lori la biashara linatakiwa kuwa na minyororo ndani ya gari kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, theluji iwepo isiwepo. Na trela nayo usiisahau. Mnyororo mmoja kwenye trela hauvuti kitu, ila unaizuia isije kukupita kwenye mteremko.

Dereva Mpya

Na ile minyororo inayojishusha yenyewe kwa kitufe?

Mnyororo Mzito

Nzuri kwa barafu na theluji nyembamba, gari likiwa linatembea. Inategemea tairi lizunguke ndipo vipande virushwe chini yake. Theluji ikishakuwa nzito au ukishazama, haikufikishi mbali. Kuwa nayo, lakini beba na ile ya kawaida.

Tandemu Tupu

Kuhusu kuvutana, kwa sababu ndipo watu wanapofia. Lori jingine likikuvuta, hakikisha jicho la kuvutia limezungushwa hadi mwisho kwenye nyuzi zake, liko kwenye chasi, sio kwenye bampa wala ekseli. Vuta kwa mstari ulionyooka. Mvutaji aanze polepole hadi mkanda ukaze, ndipo aongeze. Akija kwa kasi ili "akung'oe", kitu kimoja kitakatika, na kitakachokatika kinaruka kuelekea kioo chako. Watu wote wawe mbali zaidi ya urefu wa mkanda. Na chimbueni kwanza. Gari lililochimbuliwa linatoka kwa kuguswa, ambalo halijachimbuliwa linaharibu magari mawili.

Kama mnayemngoja ni gari la kuondoa theluji, mwombe amwage mchanga mbele yako badala ya kukuvuta. Mara nyingi inatosha, na kampuni nyingi hazimruhusu kuvuta.

Msafiri wa Usiku

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu kupunguza upepo wa matairi. Kwa gari la mchangani sawa. Kwa tairi pacha zenye mzigo mimi sifanyi, kuta za matairi zinasuguana na huna uhakika wa kuzijaza kabla ya kushika lami. Maji ya moto nayo yaacheni, dakika kumi baadaye umejitengenezea barafu mpya. Chumvi inasaidia hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri, zaidi ya hapo inakaa tu juu ya barafu ikikuangalia. Mchanga, kokoto ndogo au ule mchanga wa choo cha paka havichagui baridi. Nina ndoo yenye mfuniko nyuma ya kibanda, mfuniko ni muhimu, maana mchanga uliolowa unaganda kuwa jiwe.

Fundi Upepo

Ongezea hapo: ukiamua kungoja msaada injini ikiwa inawaka ili upate joto, shuka kwanza uangalie bomba la moshi. Theluji ikilifunika, au ikiizunguka kabini, moshi unatafuta njia ya kuingia ndani, na ile gesi ya sumu iliyomo, kaboni monoksidi, haina harufu ya kukuamsha. Kwa magari ambayo bomba liko chini ubavuni, rudia kuangalia kila theluji inapoongezeka. Fungua dirisha kidogo upande ambao upepo hautoki.

Gia ya Pili

Mkuu umenikumbusha hita ya kulalia, nayo ina kibomba chake kidogo chini ya kabini, na theluji inakiziba mapema kuliko kile kikubwa. Wenye hita za aina hiyo, mnaangaliaje bila kushuka kila saa? Mimi bado nashuka.