Pawa saplai ya 2015 kwenye PC mpya: niendelee na ya zamani, nifunge iliyokuja na kasha la PC, au ninunue?

Mtoto wa Mbagala

Wakuu, habari za Jumapili. Nimejichanga tangu Februari na PC sasa iko karibu kusimama: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) ya B550, RAM ya GB 16, na kadi ya picha RX 6600 niliyoipata Kariakoo, imetumika kidogo. Kilichobaki ni pawa saplai tu, lile boksi linalogawa umeme ndani ya PC, na hapo ndipo nimekwama.

Ninayo Seasonic S12II ya wati 520 ambayo shemeji aliniletea kutoka Dubai 2015. Ilifanya kazi vizuri mpaka mazabodi ya zamani ilipokufa, ikalala kabatini kama miaka miwili. Halafu kuna hii iliyokuja na kasha, ina stika inayong'aa imeandikwa 500W kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Mwisho ni kununua mpya ya wati 550, yenye daraja la Bronze la kutopoteza umeme. Duka nililoulizia wanataka laki moja na themanini, na hiyo ndiyo hela niliyotenga ya SSD, diski ya kasi.

Jirani yangu anasema 500 na 520 ni kitu kilekile, nichukue ya kwenye kasha maana mpya ni mpya. Mnasemaje?

Fundi Aggrey

Mdogo wangu, hiyo namba kubwa ya kwenye stika iache kwanza. Geuza zote mbili, tafuta jedwali dogo, soma mstari wa +12V, yaani njia ya volti 12. Ampea ngapi? Zidisha kwa 12, uandike hapa.

Mtoto wa Mbagala

Seasonic: +12V1 ni 20A, +12V2 ni 20A, na chini yake wameandika wati 480 kwa mistari yote miwili. Ya kwenye kasha: +3.3V 22A, +5V 25A, +12V 15A. Yaani 180. Nimerudia hesabu kwenye simu, ni 180.

Fundi Aggrey

Basi jirani umemjibu wewe mwenyewe. Prosesa yako inaitwa ya wati 65 lakini ikikazwa inafika 76. RX 6600 ni wati 132. Hapo tayari una 208, bado feni, diski na mazabodi yenyewe, na karibu mzigo wote huo unakaa kwenye 12V. Ile "500" imejazwa na 3.3V na 5V, mistari ambayo kompyuta za siku hizi zinaigusa kidogo tu. Zamani, enzi za kompyuta za Pentium III, prosesa ilikuwa inakula kwenye 5V, ndiyo maana pawa za mtindo huo ziligawanywa hivyo. Hiyo yako ni mpya dukani, lakini mwili wa kale.

Halafu zishike zote mbili mkononi. Iliyo nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga haina koili wala kapasita (vikopo vinavyotunza umeme) za maana ndani.

Dada wa Kuhariri

Namuunga mkono fundi kuhusu ya kwenye kasha, hiyo itupwe. Ila na ya 2015 nisingeifunga. Mimi nahariri video za harusi hapa Sinza. Mwaka juzi PC yangu ilianza kujizima na kujiwasha katikati ya kazi, hasa mchana. Nikabadilisha RAM. Nikapiga Windows upya mara mbili. Nikamlaumu mtu aliyeniuzia kadi ya picha, tukakosana kabisa. Kumbe ni pawa ya zamani niliyoihamisha kutoka PC ya kwanza. Pawa inayozeeka haisemi "naumwa", inakusingizia wengine tu. Laki na themanini ni ndogo kuliko bwana harusi anayekupigia simu saa tano usiku.

Kijana wa Ofisi

Kwa nini usitoe pawa kwenye Dell za ofisini? Zimejaa mtaani kwa bei ya chee na zimetengenezwa vizuri.

Fundi Aggrey

Zimetengenezwa vizuri kweli, lakini hazitamwingia. Dell OptiPlex 9020 kwa mfano, kichwa (plagi) chake kikuu kina pini 8, mazabodi ya kawaida inataka 24. Kuna waya za kugeuzia, ila pawa yenyewe kwenye ile ya mnara ni wati 290 na haina kichwa cha kadi ya picha. Utaanza kuunga moleksi (plagi ya zamani ya pini 4) kwenda pini 8, na hapo ndipo watu wanaletewa plastiki iliyoyeyuka.

Upepo wa Kigamboni

Mnaongelea umri, mimi naongelea makazi. Pawa iliyokaa Kigamboni karibu na bahari miaka mitano imezeeka kuliko iliyokaa miaka kumi kwenye chumba kikavu. Hewa ya chumvi inakula miguu ya vifaa, vumbi linashika unyevu linakuwa kama tope. Yangu mimi ilikufa kwa mjusi kafiri. Aliingia kwa kutafuta joto, umeme ukarudi, pa! Fundi alipoifungua alimkuta amekauka, mkia upande mmoja wa saketi, kichwa upande mwingine.

Mtoto wa Mbagala, umeme wa kwenu ukoje? PC ilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba) au ilichomekwa ukutani tu?

Mtoto wa Mbagala

Pole kwa mjusi mkuu 😂. Umeme ulikuwa unakatika, lakini tangu siku ya kwanza nilitumia fridge guard, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Na nyumba haiko karibu na bahari. Nimemulika ndani kwa tochi ya simu kupitia matundu: vumbi lipo, mjusi hayupo, vichwa vya kapasita ninavyoviona viko bapa, havijavimba.

Fundi Aggrey

Fridge guard ni jambo zuri, umeme unaporudi ndipo vitu vingi huungua. Sasa ipime kabla hujachukua hela ya SSD. Usiifungue! Kapasita kubwa ya ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na hiyo haina salamu.

Wengi hugusanisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, feni ikizunguka wanasema nzima. Hiyo inakuambia tu kwamba haijafa. Ipime ikiwa na mzigo. Funga PC, washa gemu zito, chomeka ncha ya mita nyuma ya kichwa cha moleksi ambacho hakitumiki: manjano ni 12V, nyekundu ni 5V, nyeusi ni hasi. Kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani 12V ikae kati ya 11.4 na 12.6, na 5V kati ya 4.75 na 5.25. Mimi nikiona chini ya 11.6 huwa siiachi ndani ya PC ya mteja.

S12II ni ya ule mtindo ambao 12V na 5V zinadhibitiwa kwa pamoja. Ukibebesha 12V peke yake, yenyewe itashuka kidogo na 5V itapanda. Usiogope ukiona hivyo, angalia tu zisivuke mpaka. Na kama PC itajizima ikiwa imekaa bure, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi) uzime zile hali za usingizi mzito wa prosesa. Pawa za zamani zilianza kusumbua hapo tangu prosesa za Intel za Haswell za 2013, maana prosesa ikilala hula umeme kidogo mno.

Dada wa Kuhariri

Fundi, hata ikipita leo, una uhakika gani na Desemba?

Fundi Aggrey

Sina, dada yangu. Ndiyo maana kwako wewe ningesema nunua, kompyuta ndiyo inakulisha. Huyu anacheza gemu. Ikizima atakasirika, atalala.

Mtoto wa Mbagala

Nimerudi. Nimeazima mita kwa fundi redio wa hapa mtaani. Nimefunga PC, nikaacha gemu likimbie saa nzima kuanzia saa nane mchana, chumba hakina AC, mimi mwenyewe nilikuwa natiririka jasho.

Ikiwa imetulia: 12V ilikuwa 12.09, 5V 5.04. Gemu likiwa limekolea: 12V ilishuka hadi 11.86, 5V ikapanda hadi 5.13. Zikabaki hapohapo mpaka mwisho. Feni inavuma lakini hailii kama mbu, harufu hakuna. Kwenye prosesa nimechomeka pini zote 8, na kadi ya picha imepata waya wake wa 6+2 moja kwa moja, sijaunga kitu.

Fundi Aggrey

11.86 kwa pawa ya umri huo, mchana wa Mbagala? Iache humo humo ndani ya PC. Nunua SSD yako. Mwezi wa tatu pima tena, na siku ukitaka kadi kubwa zaidi ya hiyo, ndiyo siku ya kununua pawa mpya. Kadi nyingi kubwa za sasa zinakuja na kichwa cha pini 16, na pawa zenye waya huo zilianza na kiwango cha pawa cha ATX 3.0 cha 2022.

Dada wa Kuhariri

Sawa, nimekubali kwa huyu. Ila nakala za kazi zako weka sehemu nyingine.

Upepo wa Kigamboni

Na ile ya kwenye kasha umeifanyia nini? Usije ukamuuzia mtu.

Mtoto wa Mbagala

Siuzi. Fundi redio aliniambia niiache wiki nzima ikiwa imechomolewa ndipo nimpelekee, akaitoa feni. Mdogo wangu ameiunga hiyo feni kwenye adapta ya 12V ya ruta iliyokufa, saa hizi anajipepea nayo kibarazani na hataki mtu aiguse.