Tupeane uzoefu: uliingiaje kwenye kupiga picha za muziki jukwaani hapa Mombasa?

Mwenye uzi, Tudor

Hamjambo nyote. Vijana wengi huniuliza wanunue kamera gani waanze kupiga picha za shoo. Kwangu mimi liko swali linalotangulia hilo: huo muziki unaokwenda kuupiga picha unaujua? Naomba tusimuliane, kila mtu aeleze aliingia kwa mlango gani na nini kilimfunza kazi. Natangulia.

Mchana niko kwenye ofisi ya wakala wa forodha, makaratasi ya makontena kutwa. Muziki nimekulia ndani yake. Nyumbani kanda za waimbaji wa taarab Zein l'Abdin na Juma Bhalo zilikuwa hazipumziki, na mjomba alikuwa na bendi ya muziki wa bango ikizunguka kwenye maharusi, Mtwapa hadi Mariakani. Kamera ilikuja baadaye sana, ya mtumba, na lenzi moja ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi. Nikawa napiga meli, ngalawa, jua likizama upande wa bara. Picha nzuri, lakini mji mzima unazo. Mjomba aliponiambia nije na kamera kwenye shughuli yao ndipo nikajua ninachokitafuta.

Bango, muziki ambao Mzee Joseph Ngala wa Freretown ndiye aliyeuasisi, huenda na saksafoni mbele. Mtazame mpulizaji kabla hajaingia: mabega yanapanda, kope zinashuka, vidole vimeshakaa mahali pake na sauti bado haijatoka. Hapo ndipo penye picha. Ukingoja kuisikia saksafoni ndio ubonyeze, utapata mashavu yaliyojaa hewa na uso uliozibwa na chombo. Anayeujua wimbo ameshahesabu beti, anajua saksafoni itaingia wapi, na lenzi iko tayari. Tangu hapo bendi ikinialika naomba kwanza nyimbo zao, nazisikiliza wiki nzima kwenye matatu na nikiwa jikoni, mpaka niwe naweza kuziimba na mapengo yake.

Taarab ya kwetu ilinifunza jambo jingine. Wanamuziki wameketi. Mpiga udi ameinamia chombo chake, mwimbaji huenda asinyanyue hata mkono. Aliyezoea wasanii wa kizazi kipya wanaoruka kutoka pembe hadi pembe atasema hapa hapana picha. Zipo, ila ziko vidoleni, na zaidi ziko kwa wasikilizaji. Mshororo wenye fumbo ukipita, utaona vichwa viwili vinageukiana na kicheko kinazuiwa kwa kiganja. Watu hunishangaa ninapompa mwimbaji mgongo wimbo ukiwa katikati, nami naamini kabisa kwamba nusu ya tamasha la Mombasa iko kwenye viti.

Kuhusu mwanga nitalisema moja kwa urefu, kwa sababu video nyingi za mafunzo hazikutengenezwa kwa watu wanaovaa kanzu. Jukwaa lina pazia jeusi nyuma, na katikati yake mtu kavaa kanzu nyeupe na kofia. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe huliona lile giza lote, ikadhani kila kitu ni cheusi, ikaongeza mwanga. Kanzu inaungua, inabaki karatasi tupu isiyo na mkunjo wala darizi, na kilichoungua hakirudi hata uhariri vipi. Kwa hivyo naweka kila kitu kwa mkono: lenzi wazi, f/1.8 au f/2, kasi ya shata (pazia la kamera) 1/250 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, 3200 na kupanda ikibidi. Napima mwanga usoni peke yake, kisha naitazama kanzu kama mikunjo bado iko. Uso ukibaki na giza kidogo nauinua nyumbani, maana napiga faili za RAW, picha ghafi za kamera, ambazo hubeba taarifa nyingi za mwanga kuliko JPEG, picha iliyobanwa. Chembechembe za ISO kubwa hazinisumbui. Picha iliyotikisika ndiyo siitaki.

Kwenye matamasha makubwa, hasa akija msanii wa nje, utaambiwa upige nyimbo tatu za mwanzo tu, bila fleshi, halafu utoke mbele ya jukwaa. Wengi huilalamikia kanuni hiyo. Mimi naipenda, kwa sababu baada ya wimbo wa tatu hakuna anayenizuia kuingia kwenye umati, na huko ndiko ninakotaka kuwa.

Karibuni.

Dada kutoka Mji wa Kale

Ahsante kaka kwa kufungua mada hii. Mlango wangu mimi ni usiku wa kupamba.

Wasioujua usiku huo: ni usiku wa wanawake, bibi harusi yuwaonyeshwa akiwa amepambwa, mabuibui yamevuliwa mlangoni, na mwanamume haingii. Simu nazo siku hizi huzuiliwa mlangoni, shughuli nyingi. Mpiga picha lazima awe mwanamke, na kwa muda mrefu tulikuwa wachache mno. Mamaangu mdogo alinisukuma nijifunze kwa sababu hiyo hasa. Wengine huona hiyo ni kazi ya harusi na si ya tamasha. Siafikiani nao. Kuna jukwaa, kuna taa, kuna mwimbaji na wapigaji, na kuna hadhira inayojua kila neno la kila wimbo. Ni tamasha gani linaloshinda hilo?

Picha ninayoingoja kila usiku ni ya kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa. Wimbo uko katikati, yuwainuka mwanamke kutoka viti vya nyuma, yuwaja polepole kwa mapigo, noti iko juu ya vidole, mkono umejaa hina. Hafiki kwa mwimbaji wakati wowote tu. Yuwafika kwenye ubeti alioukusudia, na ubeti huo ndio ujumbe wake kwa mtu aliyeko mle ukumbini. Kila mtu yuwajua ni nani. Ile hatua moja kabla ya noti kushuka, macho yake hayako kwa mwimbaji kabisa. Yako kwa huyo mwengine. Wallahi sijaona uso wenye nguvu kama huo kwenye jukwaa lolote.

Sasa mfikirie mpiga picha. Nikimweka mtunzaji na mlengwa ndani ya fremu moja, nimeandika ushahidi. Kesho picha ikizunguka, kilichokuwa fumbo kimekuwa matusi ya wazi, na familia mbili zitakutana kwa wazee. Basi najikaza: napiga mkono na noti, napiga mgongo na nywele zenye asumini, napiga uso wa mwimbaji anapoupokea ule ujumbe. Picha hubaki na joto lote, na siri hubaki kwa wenyewe.

Kazi ikishakamilika namkabidhi mama wa bibi harusi memori kadi, kwa mkono. Picha huhaririwa na mimi mwenyewe, si kwa kijana wa dukani, na huchapwa albamu. Hakuna hata moja inayopanda mtandaoni. Nimeambiwa mara nyingi kwamba bila kuonyesha kazi sitajulikana. Kazi yangu imejaa makabatini mwa watu, kuanzia Kibokoni hadi Majengo, na simu yangu hulia kwa sababu wanawake waambiana.

Fleshi ya moja kwa moja usitumie. Kitambaa cha bibi harusi kina vishada vya kung'aa, vyote vitarudisha mwanga kwenye lenzi. Mimi hugeuza fleshi juu ipige dari jeupe, ukumbi ukiwa na dari la chini.

Kijana wa Likoni

Mashallah dada, somo zito. Mimi naanza, napigia washikaji wangu wa rap kwenye kumbi ndogo. Picha zangu zinatoka na mistari myeusi imelala kwenye fremu, mingine ya rangi. Kamera imeharibika? Na taa za bluu zinamfanya msanii awe doa tu.

Fundi wa taa, Nyali

Kamera yako nzima, ndugu yangu. Ni taa zetu.

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hivyo taa inayoufuata moja kwa moja hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera yaona. LED za bei rahisi zina tabia yake juu ya hiyo: ukizipunguza mwanga, haififii, inazimwa na kuwashwa haraka sana. Ukitumia shata ya kimyakimya, ile ya kielektroniki, kamera husoma picha mstari baada ya mstari, ikakuta mstari mmoja taa imewaka na mwengine imezima. Hiyo ndiyo mistari yako. Zima shata hiyo, tumia ya kimakanika, kisha shuka hadi 1/100 au 1/125 uone. Ukishuka hivyo mrukaji atatikisika, kwa hivyo mngoje afike juu, pale anaposimama hewani kabla ya kushuka.

Bluu ni jambo jingine. Taa ya bluu tupu hujaza mkondo mmoja tu wa rangi kwenye kamera, nyekundu na kijani zikabaki bila kitu. Kipimo cha jumla kitakuambia picha iko sawa, kumbe bluu imeshafurika na uso umepoteza umbo. Angalia grafu ya rangi tatu, si ile moja ya jumla, na upunguze mwanga kuliko unavyodhani. Ikishindikana igeuze nyeusi na nyeupe.

Na jueni hili: mimi huwa nyuma kule na kibao changu, mpiga picha hanisalimii hata siku moja. Anayekuja wakati wa saundi cheki, akaniuliza mpangilio wa nyimbo, namwambia wapi nitaleta nyeupe kutoka mbele. Kwa aliyeniomba vizuri naongeza hata mahali ambapo sikupanga.

Mkaazi wa Bamburi

Naongeza kuhusu hewa yetu. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ukaingia ufukweni usiku, lenzi hufunga ukungu papo hapo, nawe wimbo wa kwanza umeshaanza. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujatoka, iache ipate joto humo humo ndipo uifungue. Nyumbani iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Kuvu ikiota ndani ya lenzi, fundi hukutoza pesa karibu na bei ya lenzi yenyewe. Bodi ya kamera ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya shoo ya pwani, chumvi haionekani lakini iko. Na vizibo vya masikio, tafadhali. Mbele ya spika ndipo tunaposimama sote.

Mpiga picha, Kisauni

Nyote mmesema sanaa, mimi naja na riziki, kwa sababu wengi huiacha kazi hii wakiwa bado wazuri.

Aliyenifungua macho ni Malick Sidibé wa Mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bamako, alikuwa akizunguka usiku kwenye dansi za vijana, anarudi studio anasafisha filamu kabla hakujapambazuka, kisha anabandika picha ndogo nje ya studio. Vijana wanakuja kujitafuta na kuagiza nakala. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu, Mwafrika wa kwanza kuipata, na kazi iliyomfikisha huko ni picha za watu wa kawaida waliokuja kucheza. Nikasema kumbe mteja si promota pekee! Siku hizi shoo ikiisha natuma picha ndogo zenye alama yangu kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wa bendi. Mtu akijiona anachagua, analipa kwa M-Pesa, nachapa. Promota akichelewesha, hawa hawachelewi.

La pili ni hakimiliki, na hapa naomba msome polepole. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa na mtu, haki yake humwendea aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukikaa kimya, umeuza. Kuna hoteli iliyoniita kupiga usiku wa taarab, nikaja kuziona picha zangu kwenye mabango yao ya msimu mzima, na sikuwa na pa kusimama. Tangu hapo, kabla sijatoka nyumbani, natuma ujumbe: picha ni zangu, wewe unaruhusiwa kuzitumia kwa jambo fulani na kwa muda fulani, matumizi mengine tuzungumze. Nangoja ajibu "sawa". Picha ulizokwenda kupiga kwa hiari yako, bila kuagizwa na mtu, hizo ni zako tangu ulipobonyeza, na unaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

Mwenye uzi, Tudor

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Dada wa Mji wa Kale, umenibadilisha. Nilikuwa nikisema wasikilizaji ndio nusu ya tamasha bila kufikiri kwamba wana haki ya kubaki na mafumbo yao. Kuna picha za hadhira nilizotaka kuzionyesha mwaka huu, nitaanza kwa kuwatafuta waliomo.

Kijana wa Likoni, anza na mazoezi ya hao washikaji wako, mchana, taa ikiwa ya dirishani. Jifunze pumzi zao huko, taa za bluu utazikuta baadaye.

Sijasikia bado kwa wanaopiga ngoma zetu za juani, sengenya na mwanzele. Vumbi, jua la saa saba, na watu hamsini wanaosogea pamoja; mimi hapo sijui pa kusimama. Nani amezizoea?