Kwa nini stori za Whispers hazichakai?

Msomaji_Jumapili: Habari zenu wadau. Nimempa dadangu mdogo kurasa za zamani za Whispers, ile safu ya vichekesho ya gazeti la Sunday Nation la Kenya, na yeye amezaliwa baada ya mwandishi wake Wahome Mutahi kufariki 2003, na bado amecheka mpaka machozi. Mambo ya siasa za wakati ule alikuwa ananiuliza huyu ni nani na yule ni nani, lakini ikifika Thatcher, mke wa Whispers, anamsubiri mzee atoke baa hakuniuliza kitu. Sasa nini hasa kinafanya vichekesho vya nyumbani vidumu hivi?

kabaridi_ke: Angalia nani anachekwa, ni baba mwenyewe. Jamaa anajiita Son of the Soil, anajipa ukubwa wote, alafu akiingia kwake hana amri. Mke anamshinda, Pajero bintiye hamsikilizi, na mamake Appepklonia anamwona bado ni mtoto. Kwetu baba alikuwa hachekwi, ukisikia kikohozi chake kwa geti unazima redio na kushika kitabu. Jumapili mzee mwenyewe ndo alikuwa wa kwanza kufungua hiyo kurasa na anacheka kweli, kwa sababu alikuwa anaamini anayesemwa ni jirani.

BintiMwalimu: Hapo nakubali nusu. Mama yangu hakuipenda, alisema mwanamke akidai haki yake anabandikwa jina la waziri mkuu wa Uingereza. Ana pointi. Lakini mimi nikisoma sa hii naona Thatcher ana sababu zake, mtu amekunywa pesa ya nyumba unataka apokewe na maua? Mutahi alimwachia mke aonekane ana akili kuliko mume, na ndo maana wanawake wengi waliendelea kuisoma.

mzee_wa_taifa: Msisahau pia ni wakati gani. 1986 Mutahi alifungwa kwa ile kesi ya Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Rais Moi, akahukumiwa miezi 15. Siku hizo kumcheka mkubwa waziwazi ni kujitafutia Nyayo House, kule watu walikoteswa, lakini ukiandika kuhusu baba anayetoa amri na hakuna anayetii, nani atakushtaki? Wasomaji walielewa. Ila sikubaliani na wanaosema ilikuwa siasa imevalishwa nguo za nyumbani basi, kwa sababu Moi aliondoka 2002 na watu bado wanaitafuta. Nyumba yenyewe ilitosha kuwa stori. Na kwa Kiswahili tulikuwa na katuni za Juha Kalulu za Edward Gitau kwenye Taifa Leo, wengi wetu tulianzia hapo kabla hata ya kujua kusoma vizuri, unaangalia picha kwanza.

mkazi_wa_temeke: Huku Bongo Whispers haikutufikia sana, sisi tulikuwa na Sani, gazeti la katuni, na mtoto mtundu Madenge ndani yake, gazeti likiingia nyumbani linapita mkono kwa mkono mpaka linachanika. Nadhani siri ni kwamba hawa watu walikuwa hawahubiri. Siku hizi mtu akiandika kuhusu familia lazima amalize na ushauri wa ndoa, unasoma kama uko kwenye kikao cha usuluhishi, kicheko chote kinaisha. Wale walikuwa wanakuonyesha vurugu ya nyumbani wanakuacha hapo hapo, na unajua kesho itaanza tena. @mzee_wa_taifa hizo Juha Kalulu kuna mahali zimekusanywa pamoja? Nataka wanangu wazisome.